Pole ya Jumanne

Jumanne, saa nne ya asubuhi,
Mratibu alituma pole
nyumba ya Singano, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne.
Aliyeipokea ni Singano mwenyewe,
chungwa la Muheza mkononi, nusu limemenywa.

"Kakosea nyumba," akasema. Akaendelea kumenya.

Mratibu hakosei.
Dawa za moyo zilikuwa zimeshahamishwa
kwa mtu wa Duga, mwenye miaka mingi ya kutumika.
Kufuli ya baiskeli, alfajiri ile, ilijifungua
kumpokea mwenyewe mpya.

Ijumaa tukazika.

Mwanakombo akaomba siku tatu za matanga.
Jibu likaja kwa adabu zote, kwa lafudhi yetu hasa:
siku moja. *Waja leo, waondoka leo.*
Amezisoma khanga zetu zote, huyu,
ila hakujua wapi huwa tunacheka.

Magharibi taa zikazimwa ili tutawanyike.
Hakuna aliyeinuka.
Mtu akapitisha kahawa,
kikombe kikawa kinatafuta mkono gizani,
mkono wa nani, hata sisi hatukujua,
na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule
hatukuhesabika.