Ukurasa wa Mia na Kumi na Mbili

Birika linachemka. Dirisha linatoka jasho.
Nje, mvua ya Greenock hainyeshi, inakaa tu hewani
kama mdai aliyekaribishwa chai.
Viti tisa. Nakala sita za kitabu kimoja.
Ya tano ina doa la mchuzi, ukurasa wa mia na kumi na mbili,
na kila aliyeiazima ameniapia kuwa si yeye.

Kisa chenyewe: mzishi wa Paisley kapoteza maiti
usiku wa kuamkia maziko,
akaazima nyingine kwa mshindani wake mtaa wa pili,
na kabla ya sura ya nne kwisha
mjane anachungulia ndani ya jeneza, anauliza
mbona marehemu amenenepa.

Effie Galbraith, mwalimu wa hesabu zamani, anafungua daftari.
"Nimehesabu matusi. Mia tatu na kumi na moja.
Huyu mwandishi hakufundishwa maneno mengine?"
Amekisoma chote. Amekisoma mara mbili,
maana hesabu ya kwanza ilimpa mia tatu na tisa
na usingizi ukakataa kuja.

Wattie Lennox, polisi miaka thelathini, anakohoa.
"Upuuzi. Mpelelezi gani anakula pai
akiwa ameegemea meza ya maiti?"
Tunangoja.
"Sisi tulikuwa tunakula garini."

Dolina anasema watu wa Paisley hawafi kwa sentensi ndefu hivyo.
Kijana Struan, ambaye mwanzoni alifuata hita tu,
anasema, "Kinachekesha," halafu anatafuta la kuongeza,
halafu anasema tena, "Kinachekesha. Na yule mbwa."
Tunakubaliana kuhusu mbwa.
Mbwa aliyekula ushahidi hana mpinzani humu ndani.

Mimi namimina chai. Kazi yangu si kuwa na maoni.

Ndipo Ishbel Rankine, ambaye tangu Septemba
amekuwa akija na koti lake na kuondoka na koti lake,
anasema: "Ile ya ngazi."

Tunaijua ile ya ngazi. Jeneza limekwama kwenye kona,
ghorofa ya tatu, wanaume sita wamelisimamisha wima
na wanabishana juu ya penalti.

"Coll wangu alishushwa hivyo hivyo," anasema.
"Amesimama, kama anangoja basi.
Mmoja wao akamwambia, samahani, bwana.
Kicheko kikanipanda mpaka hapa.
Mchungaji akanitazama. Nikakimeza.
Miezi kumi na minne kimenikaa kooni
kama mwiba wa samaki.
Jumanne, saa nane za usiku, nasoma huku nakula jikoni,
kikatoka. Kikatoka chote.
Jirani akagonga ukuta."

Hita inagugumia. Wattie anavichunguza viatu vyake
kana kwamba vina kesi ya kujibu.
Effie amefunga daftari, kalamu imebaki ndani.
Ni Struan, asiyejua bado mambo ya kutouliza, anayeuliza:
"Jirani alidhani nini?"

"Alidhani nalia," anasema Ishbel.
"Asubuhi akaniletea keki.
Sikumsahihisha. Ilikuwa keki nzuri."

Aliyeanza simjui. Labda Dolina, kwa pua.
Lakini Effie ndiye aliyelazimika kuvua miwani,
na Wattie akapiga goti lake, akasema tusi moja zito,
na Effie, machozi yakimtiririka, akasema,
"Mia tatu na kumi na mbili."

Saa mbili wameondoka, wakiacha vikombe na harufu ya makoti.
Baraza la mji limeniachia fomu:
maoni ya wasomaji, tia alama,
kizuri, wastani, kibaya.
Visanduku vitatu, na kalamu yangu haijui itue wapi.
Naiweka kando.
Nachukua daftari la vitabu vilivyorudi, naandika:
nakala ya tano, hali njema,
hakuna uharibifu.