Muhtasari wa Kikao, Sahare

Ajenda ya tatu: gati ya boti
igeuzwe kiwanja cha hoteli.
Afisa ardhi akabandika ramani ukutani:
leo samawati, kesho waridi.

Semkiwa, mikono ingali na grisi:
"Hiyo hoteli itanunua propela?"
Bi Riziki wa maandazi akamjibu:
"Wageni wanakula. Propela haili."
Nikaandika: *Wajumbe walicheka.*

Saa nzima tukabishana mpaka uko wapi,
choo cha umma kibaki au kihame,
nani anamwaga oili chafu pale watoto wanapoogelea,
hadi Tunu wa darasa la sita, aliyemfuata bibi yake,
akanong'ona: ramani iko kichwa chini miguu juu.

Kweli. Bahari ilikuwa imepanda juu ya msikiti,
na sisi sote, afisa akiwemo,
tulikuwa tumeketi majini.

Ikageuzwa. Ubishi ukaanza upya,
sasa kwa sauti ya chini.

Kura: kumi na tisa kwa kumi na tisa.
Katibu hapigi kura, ndivyo kanuni isemavyo.
Hilo sikuliandika,
wala kwamba kalamu
niliishika kwa mikono miwili.