Likizo ya Ndege

Fomu ina kisanduku kidogo: *Sababu ya likizo.*
Wenzangu huandika msiba, arusi, uzazi.
Mimi niliandika: ndege.
Matroni Mntambo alicheka hadi miwani ikamteleza.
"Ndege ya kwenda wapi, Mwanakombo?"
Si *ya*, nikamwambia. Ni *wa*.

Sasa hesabu ziko nyuma ya risiti ya umeme:
nauli hadi Muheza, kisha gari la mchana la kupanda Amani
(ikinyesha, tutashuka tusukume),
kiingilio cha msitu, chumba chenye blanketi mbili,
Semkiwa wa kuniongoza usiku na tochi yake,
buti za mpira za Twalib, na soksi za kuzibia nafasi,
darubini ya Salome. Marehemu baba yake aliitumia
kuhesabu meli bandarini; bado inanuka tumbaku
na jicho la kushoto lina ukungu.
Nimefuta nyama ya wiki mbili.
Nimefuta sare ya arusi ya Nasra, atanuna.
Bado zinapungua elfu thelathini.

Mama anapepeta mchele, hanitazami.
"Hondohondo, nakubali. Chozi, kurumbiza, wana rangi zao.
Hata mbega, na lile joho lake.
Lakini ulipe, upande mlima, ukeshe kwenye baridi,
umtafute *yule*?"
Jina halitamki. Anatema mate pembeni.
"Amani, mwanangu, iko hapa kitandani pako."

Sikumwambia habari za daftari.

Bombo, wodi ya juu, zamu ya usiku, miaka kumi na moja.
Bundi alikaa kwenye mwarobaini nyuma ya chumba cha maiti.
Akilia, ndugu wa wagonjwa waliamka mikekani,
wakamchangia Kihiyo mlinzi mia tano mia tano
atoe manati.
Mawe yaligonga bati. Wagonjwa walishtuka.
Ndipo nikaanza kuandika, safu mbili:
wino mwekundu, amelia;
wino wa buluu, tumemfunika mtu.
Usiku mmoja wa Mei walikwenda watatu, kimya,
hata jani halikutikisika.
Juni alilia siku sita mfululizo
na mtoto wa kitanda cha tisa akaamka akaomba uji.
Safu hazikuoana. Nilizirudia tena na tena
kama hakimu aliyekwisha kufunga mtu bure.

Novemba, jiwe likampata.
Alfajiri nilimkuta mferejini, mwepesi kuliko bandeji,
ukingo wa bawa laini kama nyusi za mtoto:
kumbe ndiyo maana hakusikika akija.
Nilimfunika mimi, kwa shashi ya wodini.
Miaka kumi na moja tumekesha zamu moja,
na macho yake nimeyaona yamefumba.

Semkiwa kwenye simu hatoi ahadi:
"Dada, yupo, ila hana ratiba.
Unaweza kulipa, ukapanda, ukashuka na mafua tu."
Niandikie siku tatu, nikamwambia.

Leo nimejaribu buti.
Kidole kimegonga kitu: fundo la kipande cha kanga,
noti mbili za elfu kumi, na punje za mchele.
Mama yuko uani, kanipa mgongo, anaanua nguo.
"Ukimwona," anasema,
"usimtajie kwetu ni wapi."