Makato

Mzee Bashiru Gwandi alitoka Kolo na basi la alfajiri,
akafika Dodoma na vumbi la Kondoa kwenye nyusi,
akaisukuma hundi chini ya kioo changu
kama mtu anayeweka yai.
Pauni arobaini. Wino wa bluu.
Jina lake limeandikwa Guandi, kwa U,
nami nikaanza na hilo, maana kazi ni kazi.

"Ndivyo alivyonitamka," akasema.
"Miaka kumi na mitatu nilimshikia ngazi
akinakili michoro ya miambani,
wale watu wembamba, wekundu, wenye vichwa kama mizinga ya nyuki.
Hakuanguka hata siku moja."

Nikamsomea, kama karani asomavyo mashtaka:
ada ya kupokea hundi ya kigeni,
ada ya kuisafirisha,
ada ya benki ya huko, ambayo hata mimi silijui jengo lake,
kisha kiwango chetu cha kununulia, si kile cha redioni,
kisha kodi juu ya ada.
Siku arobaini na tano. Pengine sitini.

"Kumbe pesa inapanda ndege kwenda kuliwa,
inarudi mifupa?"
Mlinzi akacheka. Mimi nikatazama kibodi.
"Ipeleke. Kaandika ili nipate.
Nikiikataa nitakuwa nimemkunjia uso."

Zabibu za Agosti zikaingia sokoni Majengo, bei ikaporomoka,
upepo ukafunga madirisha ya ofisi,
hundi ikarudi.

Muhuri mwekundu pembeni, maneno mawili ya Kiingereza.
Nimezoea kuyatafsiri maneno ya muhuri:
salio halitoshi, sahihi hailingani, muda umepita.
Haya sikuwahi kukutana nayo.
"Mwenye hundi..." nikakohoa.
"Wanasema aliyeiandika amefariki, mzee."

Foleni haikunyamaza.
Nyuma yake mwanamke aliendelea kugombana na simu.
"Lini?"
Muhuri hausemi. Una tarehe ya benki tu.

Na lile la mwisho likanibakia mimi kulisema:
hundi ikirudi, nayo ina ada.
Elfu thelathini na tano.
Kwenye akaunti ana thelathini na mbili.

Akafungua kitambaa, akatoa noti ya elfu mbili,
akapapasa, akatoa ya elfu moja.
"Msibani hakuendwi mikono mitupu," akasema.
"Andika rambirambi."

Mfumo wetu hauna kisanduku cha rambirambi.
Nikaandika ADA, nikabonyeza,
mashine ikatema karatasi yake.

Hundi akaitaka. Akaikunja mara moja tu,
pasipoguswa sahihi,
akaitia ndani ya kofia, akaivaa.
Risiti aliisahau.
Ninayo kwenye droo, wino unafifia,
na kila jioni ninapofunga hesabu
zinatimia.