Siku ya Ishirini na Nane

Jina lake silitaji.
Kwetu jina la aliyekufa hupumzishwa naye,
na kila aliyeitwa hivyo
tangu siku ile huitwa Kumunjayi, asiye na jina.
Dukani yupo Kumunjayi anayeuza mkate.
Wawili wamo katika timu ya mpira.
Mwaka huu nikiita Kumunjayi uwanjani
wanageuka wengi mno.

Basi nitasema Nangala tu,
mtoto wa dada yangu, yaani mwanangu;
kwetu mama mdogo ni mama, hana udogo.

Ilianza na koo.
Koo tu, kama la mtoto yeyote,
na vipele vya miguuni alivyojikuna usiku
kwenye godoro moja na binamu wanne.
Nyumba vyumba vitatu, watu kumi na wanne.
Mashine ya kufulia ilikufa mwezi wa pili.
Bomba la bafu lilipasuka mwezi wa tatu.
Fundi hutoka Alice Springs,
kilomita mia tatu za vumbi jekundu;
huja na karatasi, hupiga picha,
huondoka na karatasi.

Koo likapona.
Likashuka moyoni.

Daktari kijana wa Melbourne alituchorea:
moyo una milango minne, huu umekunjamana,
haufungi vizuri, damu inarudi ilikotoka.
"Ugonjwa huu," akasema, "mimi niliusoma tu vitabuni."
Hakuwa na ubaya. Alikuwa anashangaa.
Mama yangu Napurrurla akautazama mchoro,
kisha akautazama mlango wa jikoni
tulioufunga kwa waya tangu mvua za mwaka juzi.

Penisilini, nzito kama uji, kwenye paja,
kila siku ya ishirini na nane
mpaka atimize miaka ishirini na mmoja.
Kalenda niliitunza mimi, ndiyo kazi yangu zahanati.
Nilimfuata darasani, nilimfuata msibani,
nilimfuata kwenye mto mkavu alikojificha
nikaziona nyayo zake, kubwa kuliko mwezi uliopita.
Nilimpa barafu aibane pajani kwanza.
Alinitukana kwa Kiwarlpiri safi, kisha akacheka.

Sindano mia moja na kumi na tisa.
Alikosa nne.

Ya kwanza, ndege ilikuja bila dawa.
Ya pili, barabara ilikatwa na maji.
Ya tatu tulikuwa tunamzika babu yake,
mzee wa miaka arobaini na minane;
mjini wa umri huo wananunua baiskeli za mazoezi.
Ya nne alichoka tu.
Mtoto ana haki ya kuchoka.

Ripoti ikaziandika zile nne.
*Mgonjwa hakuzingatia matibabu.*
Niliisoma mara mbili nikilitafuta bomba.
Bomba halimo. Godoro halimo.
Zile mia moja na kumi na tisa hazimo.

Umri: kumi na tisa.
Jina kamili: hapo nimeacha wazi,
na karani wa mjini amenipigia simu mara tatu.

Ukutani zahanati pana bango,
kinga ni bora kuliko tiba,
mtoto anatabasamu anawa mikono,
maji yanamiminika kwa rangi ya buluu.
Nani abishe? Kinga ni bora.
Kinga yetu ilikuwa inasubiri spana.

Wiki ya pili baada ya mazishi fundi alikuja.
Mtu mpole, alivua kofia mlangoni.
Alitengeneza bafu, akafungua, akafunga, akafungua.
Maji moto.
Dada yangu Napanangka aliingia na nguo zake zote
akakaa chini ya maji hayo mpaka yakapoa,
na hakuna aliyemgongea.

Jana yule mdogo, wa miaka minne,
aliyekuwa na jina lile lile na sasa hana,
alinivuta sketi.
Koo, akasema.

Nikaitafuta tochi.
Mkono wangu ulikataa kuiwasha, kisha ukakubali.
Haya, mwanangu.
Fungua mdomo.