Ndani ya Kasiki

Usiku wa arobaini ya baba
wageni walikula ngano yenye asali, wakamsifu,
wakamwaga mvinyo kidogo juu ya mkate,
wakaenda zao na mbwa wao na kurunzi zao.
Nta ikaganda mezani. Mama akalala na viatu miguuni.

Miaka kumi na tisa, na sikuwa nimelia.
Nikaenda ghalani, ambako makasiki yamezikwa hadi shingoni
kama watu waliokwenda kuoga wakasahau kutoka.
Kila mwaka kabla ya mavuno baba aliingia katika lile kubwa
akalisugua kwa ganda la mcheri, akiimba,
na wimbo ulitoka ardhini, mnene, umelowa,
hata utotoni nikidhani shamba ndilo lenye sauti.

Malkhazi alikuwa pale.
Mwana wa mfinyanzi wa ng'ambo ya Alazani,
aliyeshika pembe moja ya jeneza;
tangu siku ile sijaweza kumtazama mikono.
"Lazima lisafishwe," alisema. "Zabibu hazingoji msiba."
Nikasema: Nitaingia mimi.

Akanishusha kwa kamba, taratibu,
na kila uzi wa kamba ile ulijua kiuno changu.
Chini kulikuwa na giza lenye umbo la yai.
Nikaita: Baba.
Kasiki likajibu ba, ba, ba,
lakini si kwa sauti yangu. Ilikuwa na kikohozi chake,
ilinuka tumbaku, iliniuliza kama nimekula.
Bado, nilisema.
Ndipo machozi yakaja. Nikasugulia hayo hayo.

"Umenyamaza," Malkhazi aliinama, akaziba nyota zote.
Nipandishe.

Nikatoka na machicha magotini.
Hakuachia kamba. Nami sikuifungua.
Shingoni mwake mshipa mmoja ulipigapiga
kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani;
nikaweka midomo pale,
nikaitika.

Mungu anisamehe: kilio na tamaa
vilipita mlango mmoja, vikapigana vikumbo.
Nilimtaka
kama atakavyo maji mtu aliyetoka kuzika.

Theluji ya Kaukazi ilianza kuona haya, nyekundu juu kabisa.
Mama akatoka, viatu vile vile, akatukuta ukingoni,
miguu yetu minne inaning'inia ndani ya kasiki.
Hakuuliza.
Aliweka bakuli la ngano katikati yetu.
"Kuleni," alisema. "Imebaki nyingi mno."