Wajina

Unyoya au upepeo? Anzia hapo,
asema Washington Etcheverry, chupa ya maji moto kwapani,
kibuyu cha chai chungu mkononi,
maana Montevideo hakuna anayehesabu miti huku ana kiu.
Mimi nina daftari. Manispaa imetupa mitaa kumi na saba
na ngazi moja iliyopinda.

Jani likichanika kama unyoya wa kuku, huku na huku ya uti wake,
shuka chini, tafuta miiba.
Miiba mirefu kwenye kikonyo, shina nene kama pipa,
makovu yaliyopangwa kama magamba ya samaki:
mtende wa Kanari.
Tende zake ni ngozi na kokwa.
Njiwa wanazitaka, wenye magari hawazitaki.

Jani likiwa upepeo, na nyuzi zinaning'inia
baina ya vidole vyake kama shali iliyofumuka,
hapo hukohoa kidogo.
“Huyo ni wajina wangu.”
Washingtonia. Anavua kofia.
Mama yake hakuujua mti; jina alilitoa kwa daktari wa meno.
Mrefu, hautazami chini,
umevaa sketi ya makuti makavu,
na ndani ya sketi kasuku wadogo wanagombania chumba.

Mtaa wa Durazno tunakuta shina lisilo kichwa.
Fukusi mwekundu alikula moyo, msumeno ukamalizia.
Washington anaweka kiganja juu ya makovu,
anakipandisha polepole.
“Andika: wa Kanari.”
Umekufa, nasema.
“Aliyekufa hana jina?”
Naandika.

Kona inayofuata: “Huo ni mnazi!”
Zulma Bidegain, kutoka roshani, ndala mguuni, hasira tayari.
Mumewe aliupanda mwaka alipozaliwa binti yao.
Binti yuko Gothenburg sasa, ana mvi,
mume yuko makaburini,
na mnazi gani huu, anauliza,
miaka arobaini na nane hautoi nazi,
unatoa vizabibu vya rangi ya chungwa
vinavyonata kwenye viatu vya wageni?

Nilishaona. Shina la kijivu, laini, lenye pete.
Mwiba, hata mmoja.
Manyoya yamevurugika kama nywele za aliyeamshwa na simu.
Ni pindó, mzaliwa wa huku huku,
hata baharini hajawahi kutamani.
Kalamu ikashuka, mdomo ukafunguka,
Washington akanikanyaga mguu.

“Ni baridi, bibie,” akasema. “Mnazi hutaka joto. Subira.”
Akafyonza chai yake mpaka kibuyu kikalia.
Zulma akautazama mti, kisha anga, kisha sisi,
akaingia ndani kuleta biskuti.

Jioni, ofisini, najaza jedwali.
Safu ya jina: pindó.
Safu ya maoni, ambayo hakuna anayeisoma:
mnazi, kwa mujibu wa mwenye nyumba.
Unatarajiwa kuzaa.